FNAB-43: ghali kwa nani?

Wanaoandika habari za silaha za Vita vya Pili vya Dunia huimaliza FNAB-43 kwa sentensi moja: rashasha nzuri ya Kiitalia, ghali mno, zikatengenezwa chache, basi. Siipingi hukumu hiyo kwa jumla, ila naona inaruka swali zito zaidi.

Brescia, kaskazini mwa Italia, ni nchi ya wafua chuma. Katika bonde la Trompia, karibu na mji huo, ukoo wa Beretta ulikuwa ukiiuzia Venice mitutu ya bunduki tangu 1526. FNAB kilikuwa kiwanda cha silaha cha hapo hapo Brescia. Tarehe 8 Septemba 1943 ilitangazwa kwamba Italia imeweka silaha chini mbele ya Mataifa Washirika. Wajerumani wakaikalia kaskazini, wakamtoa Mussolini kifungoni na kumsimika juu ya jamhuri iliyopewa jina la Salò, mji mdogo kando ya Ziwa Garda, si mbali na Brescia. Humo ndimo FNAB-43 ilimotumika, mikononi mwa askari wa jamhuri hiyo na Wajerumani. Zilitengenezwa takriban 7,000 tu.

Ubora wake hauna ubishi. Katika rashasha nyingi za zama zile, ukivuta kifyatulio, bolti nzito (kipande cha chuma kinachoziba nyuma ya mtutu) huchomoka kutoka nyuma kwenda mbele, husukuma risasi mtutuni na kuilipua papo hapo. Chuma chote hicho kikikimbia, bunduki hutikisika kabla risasi haijatoka. Bolti ya FNAB huwa imekwisha kuufunga mtutu kabla hujafyatua. Ina vipande viwili, na kati yao kuna wenzo mdogo unaoichelewesha kurudi nyuma baruti inapolipuka. Kwa hiyo hupiga taratibu, kiasi cha risasi 400 kwa dakika, na mpigaji huweza kuituliza kwenye shabaha. Kitako chake hukunjwa. Magazini, yaani kisanduku cha risasi, nayo hulazwa mbele, chini ya mtutu, jambo ambalo Wafaransa walilifanya pia kwenye rashasha yao ya MAT-49 baada ya vita.

Gharama ilikuwa kwenye karakana. Sehemu zake nyingi zilikerezwa kutoka katika pande zima la chuma: fundi anachonga, anapima, anachonga tena, na chuma kingi kinaishia sakafuni kama vumbi na mikunjo. Waingereza wakati huo walikuwa wakikunja mabati na kuchomelea mabomba kupata Sten, bunduki yenye sura mbaya, lakini zilifika takriban milioni 4.

Wapo wanaoitetea FNAB kwa kusema kwamba kiwanda hutengeneza kwa mashine na mikono iliyopo, na mafundi wa kukereza hawageuki mafundi wa mabati kwa usiku mmoja. Hoja hiyo ina uzito, lakini haisimami mbele ya majirani zao. Beretta walikuwa na Modeli 38, bunduki ya kifahari iliyoagizwa mwanzoni na polisi wa makoloni ya Italia barani Afrika. Vita vilipobana, wakaifupisha mtutu, wakaondoa koti lake lenye matundu, wakatumia bati palipowezekana, ikawa 38/42. Nao ndugu wawili wa Giandoso walibuni rashasha ya TZ-45, ya kukwaruza lakini nyepesi kutengeneza. Baada ya vita Burma iliichukua, ikawa BA-52. Kwa hiyo njia nyingine ilikuwapo, na iliwezekana kwa Waitalia wale wale.

Kama kipimo ni vita, basi, FNAB ilikuwa kosa. Kinachonikera ni kulisikitikia kosa hilo, kana kwamba ingefaa zitoke 70,000. Watu waliosakwa na bunduki hizi walikuwa zaidi wapiganaji wa upinzani milimani, Waitalia wenyewe, pamoja na wanavijiji waliowapa mkate na mahali pa kulala. Nausifu mkono wa fundi aliyeuchonga ule wenzo mdogo, wala sirudi nyuma katika hilo. Lakini kila saa aliyokaa kwenye mashine yake akisaga chuma, ilichelewesha bunduki moja kufika kwenye vijiji vile.