Nani anajua kuwahoji wageni wa harusi?

Oktoba 2022 kipindupindu kilizuka baada ya harusi kule Limuru, hapa Kenya, na wageni wakarudi nacho makwao, Nairobi na kaunti nyinginezo. Siku kama hiyo hakuna anayeuliza nani ana shahada ya uzamili. Anatafutwa mtu wa kuwakalisha chini walioharisha na wasioharisha, awaulize wote walikula nini na maji waliyatoa wapi, alinganishe majibu, na jioni awe na neno la kumwambia mkurugenzi wa afya.

Matangazo yetu ya kazi hayamtafuti mtu huyo. Yanataka shahada, uzoefu wa miaka mitano, kisha barua za KRA, mamlaka ya kodi, na HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi. Niliwahi kuketi kwenye jopo la usaili katika kaunti moja ambayo sitaitaja. Karatasi ya alama ilikuwa na nafasi ya vyeti, ya miaka ya utumishi, hata ya namna mtu anavyojieleza. Hapakuwa na alama hata moja ya kusoma mchoro wa mlipuko, ule unaoonyesha wangapi waliugua siku gani. Tulimwajiri aliyejieleza vizuri.

Ndiyo maana naona pendekezo la kuajiri wataalamu wa epidemiolojia, yaani wapelelezi wa magonjwa, kwa kupima umilisi linapuuzwa bure. Najua neno lenyewe lina nuksi: tangu CBC, mtaala wa umilisi wa shuleni, uje, mzazi wa Nairobi akisikia “umilisi” anashika mfuko. Ila hapa maana yake ni nyepesi. Ni kuandika waziwazi mtu wa ngazi hii lazima aweze kufanya nini kwa mikono yake. Kule Marekani, CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa, na baraza la wataalamu wa epidemiolojia wa majimbo waliandika orodha ya namna hiyo katika miaka ya 2000 na kuifanyia marekebisho mwaka 2023.

Katika orodha ile ya kwanza, ngazi ya juu iligawanywa mara mbili: kuna mkubwa anayesimamia watu, na kuna mkubwa ambaye ni mwanasayansi tu. Kwetu mpelelezi hodari wa magonjwa akitaka mshahara upande, njia ni moja, awe meneja. Basi anaacha orodha za wagonjwa na kuanza kutia saini vocha za mafuta ya gari. Tumempoteza bila yeye kuhama hata jengo. Ngazi ile ya mwanasayansi ingempa cheo bila kumng'oa kwenye kazi anayoijua.

Wapinzani wana hoja, na ya kwanza ni nzito: umilisi hauliwi. Nafasi nyingi za ufuatiliaji wa magonjwa zimeegemea pesa za wafadhili, na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje, watu waliona jinsi mkataba unavyoweza kukatika. Hakuna orodha itakayomzuia mtu asiyelipwa asiondoke. Nakubali, ingawa bodi ya kaunti inayotaka kumhamishia mtu huyo kwenye ajira ya kudumu italazimika kwanza kusema anafanya kazi gani, na hapo ndipo inapokwama. Wanasema pia kwamba ukimpa mtu uthibitisho wa uwezo wake, mashirika ya kimataifa yatamnyakua. Kwani sasa hayamnyakui?

Kuna hesabu inayonikosesha usingizi. Tathmini za nje za utayari wa nchi kukabili milipuko, zinazosimamiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO), zimekuwa zikitumia kipimo cha mtaalamu mmoja wa epidemiolojia ya nyanjani kwa kila watu 200,000. Sensa ya 2019 ilituhesabu milioni 47.6, kwa hiyo tunahitaji 238 hivi. Nairobi, yenye watu milioni 4.4 na kaunti ndogo 17, ingehitaji 22. Ishirini na wawili gani? Mafunzo ya nyanjani, tuliyonayo nchini tangu 2004, yana kozi ya miezi mitatu na pia ya miaka miwili. Ukiwaweka wahitimu wote chungu kimoja, pamoja na yule wa vocha za mafuta, namba itatimia na Mukuru, mtaa wa mabanda wa Nairobi, ubaki hauna wa kutumwa. Na daktari wa mifugo aliyehitimu mafunzo hayo akarudi kwenye kada yake, ambako hakuna anayemuuliza kuhusu milipuko, tumhesabu vipi?

Woga kwamba orodha itageuka karatasi ya kuweka alama za vema ni wa haki; nimeona semina za namna hiyo hotelini, na chai ilikuwa nzuri. Lakini jopo halihitaji semina. Mpe mwombaji kazi majina 40 ya wagonjwa wa kubuni, tarehe walizougua, mitaa yao na walichokula. Mwachie nusu saa na kalamu. Akirudi, muulize angetuma gari wapi kwanza.