Mkoba wa Shangazi

Shangazi alipokuja kututembelea Uingereza kutoka Tanga, nilijipa kazi ya kumtembeza. Usiku kucha nilikuwa kwenye simu, nakariri habari za kanisa kuu la Salisbury nisije nikaumbuka mbele ya mtu mzima.

Kulipokucha nikaanza kumwaga. Mnara ule, Shangazi, una mita 123, hakuna kanisa lenye mnara mrefu kuliko huo nchi hii nzima. Jengo lenyewe lilianza 1220, likachukua miaka 38 tu. Mnara ulifuata baadaye. Nikamwonyesha nguzo zilizopinda kwa uzito wake. Akazitazama, akasogea pembeni haraka.

"Tusisimame hapa."

Tukaifikia saa ya mwaka 1386 hivi, haina uso wala mishale, ilitengenezwa kugonga kengele tu.

"Kama mume wa jirani yangu," akasema. "Kelele nyingi, hana anachoonyesha."

Mbele kidogo tukakuta kama meza kubwa yenye umbo la msalaba, juu yake kioo cheusi kinang'aa. Dari lote la mawe limo humo, matao na madirisha ya rangi, kichwa chini miguu juu. Mkoba ulishamchosha Shangazi bega. Na mkoba huo si wa mchezo: alikwenda nao hija Makka, hata wajukuu hawaugusi.

"Lete nikuwekee mezani, upige picha."

"Mbona pembeni inamwaga maji?"

"Urembo tu huo, Shangazi. Hicho kioo."

Nikauweka. Nilitegemea usikike ko! Ukasikika chubwi! Dari likavunjika vipande vipande, mkoba ukaenda zake. Nikauvua kwa mikono miwili, koti limelowa hadi kwenye kiwiko, na nyuma yake yakaibuka maandazi matatu, yanaelea kuelekea kona ya msalaba.

Mzee mmoja wa pale akaja taratibu. Akanieleza kwa upole kuwa hicho ni kisima cha ubatizo, kazi ya William Pye, kipo tangu 2008, na kwamba mimi si wa kwanza. Maandazi akayaopoa mwenyewe.

Kwenye treni Shangazi alianika vitu vyake kitini kimoja kimoja: miwani, tasbihi, pasipoti, noti za elfu kumi zimegandana. Kimya. Tulipokaribia nyumbani ndipo akanigeukia.

"Mkoba wangu umeubatiza. Haya, umeupa jina gani?"