Moto wa Mabua? Mzee Wangu, Umewahi Kuwasha Moto?

Jumapili iliyopita nilitoka kanisani bila kumuaga mtu. Wanaonifahamu wanajua hiyo si kawaida yangu. Mimi ndiye yule anayebaki pale nje chini ya mparachichi mpaka watoto waanze kulia njaa. Safari hii nilipita katikati ya akina mama wenzangu kama nimefiwa, nikapanda bajaji, nikaenda nyumbani kupika kwa hasira. Maharage yaliungua.

Vijana wetu walikuwa wamerudi kutoka kambini Ijumaa. Siku sita za likizo ya Juni, kwenye shule moja ya sekondari kule Tukuyu. Katibu akasoma ripoti: waliohudhuria wangapi, waliompa Yesu maisha wangapi, waliorudi kundini wangapi, mchele kilo ngapi, deni la mafuta ya jenereta shilingi ngapi. Vyote kwa sauti ileile. Ungedhani roho za watu na mchele vilishushwa kutoka fuso moja. Tukapiga makofi, vijana wakaitwa mbele kushuhudia.

Wawili wakasema. Wa tatu alikuwa binti wa dada yangu, ninayeishi naye hapa Mwanjelwa, Mbeya, tangu aanze kidato cha kwanza. Ana miaka 16. Akashika maiki, akasema "Bwana asifiwe," tukaitikia, akataja jina lake, akameza mate. Hapo mzee mmoja wa kanisa akainuka kwenye kiti chake cha mbele, akasema muda umetutupa mkono, hawa watoto tumewasikia, na kwani mwaka jana si waliokoka hivihivi? "Huu ni moto wa mabua tu. Tuwaombee."

Kanisa likacheka. Mtoto akairudisha maiki, akaenda kukaa.

Kisha tukaingia kwenye mnada. Jogoo mmoja, mikungu mitatu ya ndizi, debe la viazi vya Isyonje, mayai kwenye sahani. Jogoo peke yake alikula dakika 20, maana kuna wanaume wawili pale kwetu hawawezi kukubali mwenzake aondoke na kuku. Akanunuliwa, akarudishwa kwa Bwana, akapigwa mnada upya. Muda ulikuwepo. Muda ulikuwa mwingi sana.

Nilichokasirikia ni kwamba mimi nilikuwa najua alichotaka kusema. Aliniambia Ijumaa usiku, tukiwa jikoni.

Lakini kwanza, nyie mlioko Dar mnaodhani kambi ya likizo ni zile za kwenye filamu, watoto wamevaa kaptula wanajirusha ziwani: Juni kwetu ni baridi inayouma mifupa. Haisi ikishaacha Uyole ikaanza kupanda Isyonje, madirisha yanafungwa bila kuambizana. Tukuyu yenyewe hata nchi nzima ikikauka, ukungu na manyunyu havikosekani. Karatasi ya vitu vya kwenda navyo iliandikwa godoro, blanketi mbili, ndoo, sahani, kikombe, daftari na kalamu. Niliongeza sweta mbili na soksi za baba yake. Aliona aibu, akazivaa zote.

Usiku wa nne mhubiri aliwaita mbele. "Mama mdogo, mimi sikwenda," akaniambia, kama anayeungama wizi. Bweni lake lote lilikwenda, wengine kwa mara ya tatu. Yeye alibaki kwenye benchi na ubishi wake, ambao naujua ulikotoka, maana mama yake ndiye dada yangu. Asubuhi zamu ya kuosha vyombo ikamwangukia. Masufuria ya uji, makoko yameganda, maji ya bomba baridi kama barafu. Aliosha na mama mmoja mpishi, mtu mzima, ambaye muda wote alikuwa anaimba Kinyakyusa chinichini, wala si kwa ajili ya kusikilizwa. Akamuuliza: mama, unawezaje kuimba na maji haya?

Yule mama hakumhubiria. Akamjibu, "Namwambia Yeye kwamba mikono imekufa ganzi. Nikinyamaza atadhani nimemnunia." Wakacheka. Baadaye, wakiendelea kusugua, akamsimulia kidogo: watoto wawili aliowazika, miaka ambayo hakuimba kabisa, na siku aliyojikuta ameanza tena akiwa shambani, peke yake. Hakumwekea mikono kichwani. Hakumwuliza kama ameokoka. Alimwambia tu sufuria ile kubwa bado ina makoko chini.

Binti anasema alipokwenda kumwaga maji machafu kwenye migomba alisimama pale na ndoo tupu, akasema kwa sauti: "Na mimi nipo hapa." Hakulia. Hakuanguka. Akarudi, akamaliza masufuria.

Hayo tu ndiyo aliyotaka kutuambia. Yangechukua dakika tatu, hata robo ya jogoo hazifiki. Na muone jinsi mambo yalivyo: kwenye ile hesabu ya katibu, huyu mtoto hayumo. Hakwenda mbele, kwa hiyo kwa mujibu wa ripoti hakuna kilichomtokea.

Sasa nirudi kwa mzee wangu. Namwita mzee wangu kwa heshima zote, maana alisimamia ndoa yangu na alikuja msibani baba alipofariki, akalala kwenye turubai na wanaume wengine siku tatu. Mzee wangu, shikamoo. Umewahi kuwasha moto?

Siulizi habari ya gesi. Nauliza mafiga matatu, asubuhi ya Juni, kuni zimelowa umande. Sisi tuliokulia Rungwe tunajua. Mama alikuwa anaanza na mabua makavu. Yakishika, anatia magunzi. Magunzi yakikolea, vijiti. Gogo la mkaratusi linakuja mwisho kabisa, na likishashika, hilo linalala na moto mpaka kesho. Hakuna mtu duniani aliyewahi kuliwasha gogo kwa kiberiti. Mabua ndiyo yanayowasha! Kazi yake ni hiyo, yaliumbwa kwa hiyo. Na moto ukizima, sikumbuki hata siku moja mama akiyalaumu mabua. Aliyelaumiwa ni mtoto aliyetumwa kuni akaenda kucheza rede. Namjua vizuri huyo mtoto, fimbo zake nilizila mimi.

Kwa hiyo swali ni: kuni ziko wapi, na nani alitumwa?

Tazama kinachomsubiri kijana akishuka kwenye haisi na daftari lake limejaa maandishi. Kundi la WhatsApp la kambi linachemka siku kumi, kisha bando zinakwisha, au shule zinafunguliwa na simu zinabaki nyumbani. Walimu wake wa kambini ni wanachuo, wa MUST, wa Iringa. Watoto wa watu waliojitolea nauli yao, wamerudi kwenye mitihani yao. Anabaki na sisi. Sisi tunampa nini? Benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, ambako spika haisikiki. Mahubiri ya Jumapili yanayohusu ndoa, na yeye ana miaka 16. Kwaya ya vijana, ambayo wengi wao wana watoto shule ya msingi, na ili uingie lazima ununue sare mbili na uchangie kinanda. Akija na swali, kwa mfano kwa nini Mungu alimwacha mama yake augue miaka yote ile, tunamwambia asiulize sana, shetani ndiko anakoingilia. Darasa la kipaimara linamfundisha kukariri majibu ya maswali ambayo hajawahi kuyauliza, na yale aliyonayo hayana ukurasa.

Na hawa watoto wana maswali, msijidanganye. Njombe, Iringa na Mbeya tunajulikana nchi nzima kwa UKIMWI. Wako vijana kwenye yale mabweni waliolelewa na bibi tangu hawajaota meno. Binti aliniambia jirani yake wa godoro anatoka Makete, bibi yake amezeeka, na huyo mtoto alisema hajawahi kuulizwa na mtu mzima "unaendeleaje?" akasubiriwa ajibu. Kambini aliulizwa. Mnashangaa nini akilia usiku wa mkesha? Mimi nashangaa kwamba sisi wengine hatulii.

Tunasema wamepoa. Mwezi mmoja baada ya kambi ndio wimbo wetu: "Mnawaona? Wamepoa." Tunausema kwa furaha fulani ambayo mtu akitupiga picha tutaona haya. Ni kama tuliweka dau. Mtoto ametoka kwenye mafiga akiwa anawaka, amewekwa peke yake kwenye sakafu ya saruji, halafu tunasimama pembeni na mikono mfukoni kusubiri azime, ili tuseme tulijua.

Haya, ya upande wa pili nitayasema, maana nikiyaficha kuna watu watayaandika hapo chini kabla hata hawajamaliza kusoma. Kambi zina mambo yake. Kuna wahubiri wasioridhika mpaka kila mtu amelia. Wanawakesha watoto hadi saa kumi usiku, kwenye baridi ile, wamekula kande saa kumi na mbili jioni, kisha mtoto akianguka kwa njaa inaitwa upako. Kuna kutisha watu na moto wa jehanamu mpaka mtoto aende mbele kwa sababu anaogopa kulala. Mimi mwenyewe niliokoka mara nne. Kila Pasaka, kidato cha kwanza hadi cha nne, kwenye mikutano ya wanafunzi, mara mbili Iringa na mara mbili huku kwetu. Ya tatu ilikuwa kwa sababu mvulana mmoja wa kidato cha tano alikwenda mbele na mimi nilitaka anione. Mungu anajua, na mume wangu anajua pia, kwa sababu huyo mvulana si yeye.

Kwa hiyo ndiyo, mengine ni mabua matupu. Nakubali, na inaniuma kukubali. Lakini ile mara ya nne, ambayo sikuwa na mvulana wala woga, ilionekana kwa nje sawasawa na zile tatu. Machozi yaleyale, benchi lilelile, hata mapambio yaleyale. Mzee aliyekaa mbele angewezaje kujua ipi ni ipi?

Tena sisi Wamoraviani ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kucheka. Zinzendorf, kiongozi wetu wa mwanzo ambaye kila Agosti tunamtaja, alizaliwa mwaka 1700, na alikuwa bado mwanafunzi wa bweni kule Halle, Ujerumani, alipoanzisha na wenzake kikundi chao cha punje ya haradali. Wanafunzi! Angekuwa kwetu angeambiwa asubiri kwanza mnada uishe. Leonhard Dober, mmisionari wetu, alikuwa na miaka 26 alipoondoka Herrnhut, kijiji cha Wamoraviani kule Ujerumani, mwaka 1732 kwenda kwa watumwa wa kisiwa cha St. Thomas, Karibi. Injili iliyopanda mpaka Rungwe mwaka 1891 ilitoka kwenye ukoo huo, wa vijana ambao wakubwa wao walikuwa na kila sababu ya kuwaona wameruka akili. Wale wa uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 nao walichekwa, na jina la walokole tuliloazima Uganda tukalifanya kejeli bado tunalitumia. Na mzee wangu mwenyewe, ambaye ushuhuda wake tunaujua kwa moyo kwa sababu anautoa kila Mwaka Mpya, anaanzaga vipi? "Nilikuwa na miaka kumi na saba."

Kumi na saba, mzee wangu. Nani alikutilia kuni?

Hata Eli, pamoja na macho yake mabovu, alimwambia Samweli "kalale" mara mbili tu. Mara ya tatu akashtuka kwamba mtoto kweli anaitwa.

Sisemi tufanye makubwa. Uwe wa UKWATA, wa CASFETA au wa TYCS, chama chochote cha wanafunzi Wakristo, mtoto akirudi anahitaji mtu mmoja wa kuosha naye vyombo. Basi. Mmoja. Sina hakika kama mimi mwenyewe ninaweza, maana Ijumaa ile alipomaliza kunisimulia, jambo la kwanza nililofungua mdomo kusema ni "haya, kesho uniamshie mapema twende Soweto sokoni." Nilijisikia aibu nikiwa tayari nimeshalisema. Hakukasirika. Akacheka, akasema, "Mama mdogo, umeogopa."

Jana nilimsikia anafua nyuma ya nyumba. Anaimba Kinyakyusa, na Kinyakyusa chenyewe hakijui, maneno nusu anayabuni. Nikatoka na beseni langu, nikakaa.

Kuhusu Jumapili ijayo nimeshapanga. Nina jogoo mwekundu, mkubwa, yule anayewafukuza mbwa wa jirani, nimemtoa sadaka. Nimemwambia katibu kuna sharti moja: kabla hajaanza kupigiwa mnada, binti yangu atasimama pale mbele amemshika miguu, na atazungumza mpaka amalize. Wale wanaume wawili nimeshawatonya kuhusu huyo jogoo. Sasa nataka nimwone atakayesema muda umekwisha.