Albamu Zangu Bora za Taarabu za Miaka ya 1990

Nikiulizwa ni muongo upi uliotupa albamu bora za taarabu katika mwambao wetu wa Afrika Mashariki, sisiti kuutaja ule ulioanza mwaka 1990. Wazee wengi hapa Lamu hawakubaliani nami, kwa kuwa wao huzitanguliza santuri za miaka ya 1960 na 1970, hasa zile za lebo ya Mzuri zilizotolewa Mombasa na duka la Assanand & Sons. Santuri hizo naziheshimu na ninazisikiliza mpaka leo, lakini zilikuwa na kasoro moja ambayo haikutoka kwa waimbaji wala kwa wapigaji. Upande mmoja wa santuri ndogo ya mizunguko 45 hauchukui zaidi ya dakika tatu au nne hivi, na utungo wenye beti sita, kila mshororo ukiimbwa mara mbili na ala zikijibu baina ya ubeti na ubeti, hauwezi kuenea humo. Basi wimbo ulikatwa vipande viwili, upande huu na upande ule, au beti nyingine ziliachwa kabisa, na aliyetunga shairi akabaki na nusu ya maneno yake.

Kaseti zilituondolea dhiki hiyo, lakini zikaleta nyingine. Sisi tuliokulia Lamu tulizijua zaidi kaseti za harusi, zilizonakiliwa dukani kwa redio ya vyumba viwili na kuandikwa kwa kalamu jina la mwimbaji, na mara nyingine jina la bwana harusi, ili mtu ajue ni usiku gani anaoununua. Humo wimbo uliimbwa wote, dakika kumi hata zaidi, ila ubeti mzuri ulikuwa ukimezwa na vigelegele, na kila aliyekwenda mbele kumtuza mwimbaji alisikika akipita karibu na maikrofoni. Wapo wanaoupenda uhai huo, na hoja yao naielewa. Mimi kipimo changu cha albamu ya taarabu ni kimoja tu: je, shairi linasikika lote, neno kwa neno, na fumbo lake likibaki mahali pake? Taarabu ni ushairi kabla ya kuwa muziki, na atakayenipa muziki mtamu huku akinificha kina cha kati na kina cha mwisho atakuwa amenipa nusu ya haki yangu.

Kwa kipimo hicho, albamu ninayoiweka juu ya zote ni Mtindo wa Mombasa ya Zein Musical Party, iliyotolewa mwaka 1990 na kampuni ya GlobeStyle ya London. Kampuni hiyo ilikuwa imekwisha kutoa muziki wa Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha ikaugeukia wa Mombasa. Diski ya CD inachukua zaidi ya saa nzima, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kumharakisha mtu. Marehemu Zein l'Abdin alizaliwa hapa Lamu, akahamia Mombasa na kujijengea jina huko, na mtu wa Amu, yaani Lamu, anayemsikiliza huitambua lafudhi ya kwao hata kabla ya kuambiwa. Ninachokipenda zaidi ni namna anavyougawa wimbo baina ya sauti yake na udi wake. Akimaliza mshororo, haachi pengo lijazwe na kelele. Udi huurudia ule mkondo wa sauti, mara ya kwanza kama ulivyoimbwa, mara ya pili ukiugeuza kidogo mwishoni, na msikilizaji hupata nafasi ya kuyarudia maneno moyoni kabla mshororo wa pili haujaingia. Sauti yake si ya kupaa. Ni ya chini, yenye mkwaruzo kidogo, ya mtu anayesema na wewe ukumbini. Zein aliyapenda mashairi ya kale ya mwambao na alishughulika sana na kibangala, ile ala ya zamani ya nyuzi ambayo vijana wengi wa leo hawajapata kuiona, na mapenzi hayo ya vitu vya asili yanasikika katika utaratibu wote wa kazi hii. Mimi niliisikiliza kwanza kwa kaseti iliyonakiliwa, na nilipokuja kuipata CD yenyewe nilisikia vidole vikiteleza juu ya nyuzi, jambo ambalo kaseti ilikuwa imelificha.

Ya pili ni Jino la Pembe ya Bi Zuhura Swaleh, aliyoimba pamoja na Maulidi Musical Party, nayo ikatolewa na GlobeStyle hiyo hiyo mwaka 1992. Bi Zuhura alikwisha kuwa na jina tangu miaka ya 1970, na aliyesikia santuri zake za zamani ataikumbuka taishokoto, ile ala ya Kijapani yenye nyuzi na vitufe vya kubonyeza kama vya taipu, ambayo ilipata makazi ya ajabu katika taarabu ya Mombasa. Anachukua mapigo ya chakacha, ngoma ya wanawake katika harusi zetu, na kuyaweka chini ya shairi bila kulivunja. Hili si jambo dogo, kwa sababu mapigo ya haraka huwafanya waimbaji wengi wazimeze silabi za mwisho, na vina ndimo vilimo. Bi Zuhura hamezi hata moja. Isitoshe, maneno ya mwanamke aliyeonewa au aliyechoka kusengenywa hayasikiki sawasawa yakiimbwa na mwanamume, hata awe fundi namna gani.

Mombasa Wedding Special ya Maulidi & Musical Party, ya mwaka 1990, naiweka ya tatu. Maulidi Juma alikuwa hodari wa kuzichukua nyimbo za filamu za Kihindi na kuzivisha Kiswahili, na pia wa kuchangamsha harusi kwa chakacha. Yote mawili yamo. Kinanda kimewekwa mbele mno kwa sikio langu.

Ya nne ni Spices of Zanzibar ya Culture Musical Club, iliyotolewa Ujerumani mwaka 1996. Fidla, kanuni, akodiani na udi zikiingia pamoja, mtu hukaa sawa kitini hata kama hakukusudia. Hata hivyo naisikiliza zaidi kwa ajili ya ala kuliko kwa ajili ya shairi, maana kundi kubwa la waitikiaji huyafunika baadhi ya maneno. Ya tano ni Tarabu ya Bi Malika, iliyotoka Marekani kwa kampuni ya Shanachie mwaka 1997.

Nimeulizwa kwa nini Juma Bhalo hayumo. Kwa uimbaji sijui wa kumpita, na alipofariki mwaka 2014 mwambao mzima ulipungukiwa, lakini Juma Bhalo ninayempenda mimi yumo katika kaseti za harusi, wala sijakutana na albamu yake ya muongo huo inayofikia usiku mmoja wa namna hiyo. Hazimo pia kazi za makundi ya Tanzania, si za East African Melody, wala za TOT na Muungano enzi za ushindani wa Khadija Kopa na Nasma Khamis. Hapo neno lilisikika sana, na ukumbi ulicheza, ila fumbo lilivuliwa nguo. Anayesemwa alijulikana kabla ubeti haujafika kati, na mimi napenda kuachiwa kazi ya kufikiri.

Ubishi mkubwa ninaoupata hapa mjini, kuanzia Mkomani hadi Langoni, ni juu ya nafasi ya pili. Wengi husema Maulidi angetangulia, kwa kuwa kundi linalompigia Bi Zuhura ni lake na yeye ndiye aliyelijenga. Ni kweli kundi ni lake. Lakini sikilizeni albamu hizo mbili mfululizo, kisha jaribuni kuandika beti zake kwa kusikia tu: za Bi Zuhura mtazipata zote, za Maulidi mtarudisha nyuma mara kadhaa. Kwa sababu hiyo Jino la Pembe inabaki ya pili.