Bwana Mgeni wa wapi?

Kabla hamjaendelea kucheka kwenye status ya yule kiumbe wa Chumbageni, eti nimelia ukumbini na suti ya kuazima, nisikilizeni mimi mwenye aibu yangu. Kwanza sikulia, lilikuwa jasho. Suti ya kuazima ndio, hapo kapatia.

Si ile semina ya ajira kwa vijana, hoteli moja kule Raskazone. Wiki nzima nimekesha YouTube najifunza netiwekingi: mtu mshike mkono kwa nguvu, usimkwepe macho, jina lake litaje mara tatu ili lisikutoke, na usijishushe. Hapo kwenye kutojishusha ndipo nilipochemka, nikaona shikamoo siku hiyo ibaki nyumbani.

Nafika, kwenye meza ya chai kuna mzee peke yake anakula kaimati. Beji imejikunja chini ya koti, nasoma MGENI. Sasa jamani hapa Tanga nani hana Mgeni kwenye ukoo? Shangazi yangu mimi anaitwa Mgeni! Nikasema ndio huyu naanza naye.

"Bwana Mgeni! Mambo?" Nikaudaka mkono. Kumbe vidole vyote shira. Tukanata. Nasema tukanata, ukivuta unasikia ngozi inaitika, na mimi macho sibanduki si ndio nilivyofundishwa.

"Bwana Mgeni, wewe ni Mgeni wa wapi?"

"Wa hapa hapa," anajibu taratibu.

"Na wewe umekuja kutafuta kazi, Bwana Mgeni?" (Mara tatu zimeshatimia, mwalimu wa YouTube angenipa vema.)

Mzee kimya. Mimi nikajua kavunjika moyo, nikampa darasa. Nikamwambia kuna Mmarekani, Mark Granovetter, mwaka 1973 alitoa utafiti wake, waliopata kazi kwa kuunganishwa na mtu, asilimia 16.7 tu ndio waliunganishwa na mtu wanayeonana naye kila mara, wengine wote ni watu wa kuonana mara moja moja au kwa nadra. "Kwa hiyo mzee wangu, marafiki wa barazani hawakusaidii, wanajua nafasi zile zile unazozijua wewe. Na usigande kwenye vitafunwa, utaonekana una njaa." Nikampa na kadi yangu. Kaipokea kwa mkono wa kushoto, wa kulia bado anautafutia kitambaa.

Mara MC: "Tusimame, tumkaribishe mgeni rasmi!"

Nikageukia mlangoni napiga makofi, nikampiga na kiwiko, "Piga makofi mzee, hawa ndio wenye kazi." Mzee akafuta mdomo. Akanyoosha koti. Beji ikakunjuka polepoleee, RASMI ikachomoza. Akaanza kwenda mbele. Ukumbi mzima makofi, yangu viganja vimegandana kwa shira kama naomba dua.

Kwenye hotuba akamsalimia "mtafuta kazi mwenzangu pale nyuma", ukumbi chali, kiumbe akanigeuzia kamera, mimi bajaji, Ngamiani, kulala. Waja leo waondoka leo, mimi hata wali sikuungoja.

Leo asubuhi meseji, namba ngeni (hata namba jamani!): "Kijana, ile shikamoo yangu iko wapi? Ni mimi, Mgeni."

Nikatetemeka, vidole vikaandika vyenyewe: "Marahaba."

Tiki mbili za bluu. Toka saa tatu.