Baada ya Kiharusi, Dawa ya Presha Isiachwe

Familia inayouguza mgonjwa wa kiharusi humwuliza daktari swali moja kabla ya mengine yote: ni dawa gani itakayorudisha nguvu za mkono na mguu? Swali hilo ni la haki, na watafiti wenyewe wamelihangaikia. Mwaka 2011 utafiti wa Ufaransa uliohusisha wagonjwa 118 ulionyesha kwamba waliotumia fluoksetini, dawa ya sonona, kwa miezi 3 huku wakifanyishwa mazoezi ya viungo, walipata nafuu kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Matumaini yakawa makubwa. Kisha ukaja utafiti wa FOCUS wa Uingereza, uliojaribu dawa hiyohiyo na kuchapishwa mwaka 2018 kutokana na wagonjwa 3,127: baada ya miezi 6 uwezo wa kujitegemea haukutofautiana; kwa walioitumia sonona ilipungua, lakini waliovunjika mifupa walikaribia kuwa maradufu ya wale wasioitumia.

Ninaumia sana ninapoona ndugu wakichangishana fedha za sindano na vidonge vya kuongeza nguvu, ilhali dawa ya presha imeachwa mara tu kipimo kiliposoma vizuri. Kipimo kimesoma vizuri kwa sababu dawa inamezwa! Utafiti wa PROGRESS wa mwaka 2001, uliowafuatilia kwa takriban miaka 4 watu 6,105 waliowahi kupata kiharusi au dalili zake za kupita, ulionyesha kwamba kushusha presha kwa dawa kulipunguza kiharusi cha baadaye kwa asilimia 28, na hata wale ambao presha yao haikuhesabiwa kuwa ya juu walinufaika. Kiharusi cha pili kinaweza kufuta kila hatua ambayo mgonjwa ameipata kwa miezi ya jasho.

Aspirini nayo ina nafasi yake kwa aliyezibika mshipa wa damu kwenye ubongo, ila aliyevuja damu kwenye ubongo inaweza kumdhuru, na hali hizo mbili hazitofautishwi kwa uhakika bila picha ya CT scan. Kwa hiyo jirani asimpe mgonjwa vidonge vilivyomfaa mtu mwingine.

Pale fedha zinapokuwa chache, naona zitengwe kwanza za dawa ya presha ya kila mwezi, kisha nauli ya kumpeleka mgonjwa kwenye mazoezi ya viungo, ambako wauguzaji nao wafundishwe namna ya kuyaendeleza nyumbani. Sindano ya nguvu isubiri hadi anayeiandika aeleze ushahidi anaoutegemea.