Oka Keki Ileile Tena

Binti wa kaka yangu alinitumia picha ya keki yake ya kwanza. Ilikuwa imechomoza katikati kama kichuguu, imepasuka juu, na kingo zake zimekauka hadi zimekuwa kahawia iliyokolea. Chini ya picha aliandika: "Shangazi, nimefuata kila kitu walichosema kwenye pishi. Wameandika ni rahisi. Nitafute nyingine?"

Nikamjibu asitafute nyingine. Aoke ileile kesho yake, na apunguze moto.

Hayo ndiyo maoni yangu kuhusu kuanza kuoka, na nayashikilia. Anayeanza hahitaji mapishi mengi. Anahitaji pishi moja la kawaida, alirudie mpaka ajue kila hatua inafanya nini. Akibadilisha pishi kila Jumamosi, kosa la wiki iliyopita linabaki bila jina, maana wiki hii kila kitu ni kigeni tena: unga mwingine, kipimo kingine, bati jingine. Akirudia lileile na kubadilisha jambo moja tu, keki yenyewe inamjibu.

Neno "rahisi" nalo linapotosha watu. Pishi huitwa rahisi kwa kuwa lina vitu vitatu, au linakwisha kwa dakika tano. Keki ya kikombe inayoivishwa kwenye maikrowevu ina sifa zote mbili, lakini simshauri mtu aanze nayo. Haipati rangi, sekunde chache zikizidi inavutika kama mpira, na haikupi muda wa kutazama wala kunusa. Kwangu pishi rahisi ni lile linalosamehe kosa dogo na kukuonyesha kosa kubwa.

Kabla ya pishi lolote, mizani. Ningekuwa na ruhusa ya kumlazimisha mwanafunzi wa kuoka jambo moja tu, ningemlazimisha apime kwa gramu. Mimina unga taratibu kwa kijiko ndani ya kikombe, sawazisha kwa kisu, utapata kama gramu 120. Chovya kikombe kilekile ndani ya mfuko wa unga na kukandamiza, utafika 150. Kwenye pishi la vikombe vitatu, tofauti hiyo ni gramu 90, karibu robo tatu ya kikombe kizima, nawe hukuongeza chochote kwa makusudi. Keki inatoka kavu, mtu anajilaumu kwamba hana mkono wa kuoka, kumbe ni kikombe tu.

Zamani hali ilikuwa ngumu zaidi, kwani vitabu viliandika mambo kama "siagi ukubwa wa yai". Mwaka 1896 Fannie Farmer wa Boston alichapisha kitabu cha mapishi kilichosisitiza vikombe na vijiko vilivyosawazishwa, na wapishi wa nyumbani wakapata mahali pa kushika. Mizani imetufikisha mbali zaidi.

Sasa keki yenyewe. Ni ya zamani kuliko nyingi. Waingereza walikuwa wakiioka tayari katika karne ya 18 na kuiita keki ya ratili, kwa sababu kila kitu kilikuwa ratili moja, kipimo cha zamani cha uzito: siagi, sukari, mayai, unga. Wafaransa wana yao wanayoiita robo nne, kwa maana ileile. Hakuna cha kukariri. Vunja mayai 3 kwenye bakuli, yapime. Yakiwa gramu 150, basi siagi 150, sukari 150, unga wa ngano 150. Mayai yakiwa makubwa yakakupa 165, vyote vinapanda hadi 165. Mimi huongeza kijiko kimoja na nusu cha chai cha bekingi poda, chumvi kidogo, matone ya arki ya vanila na vijiko viwili vya maziwa, kwa sababu keki ya asili haikuwa na cha kuiumua isipokuwa hewa iliyochapwa ndani yake, na mkono wa anayeanza haujafika huko.

Kazi kubwa iko kwenye siagi. Iwe laini kiasi cha kidole kuacha alama, lakini isiwe inang'aa mafuta. Hiyo ni kama nyuzi 18 hadi 20 za Selsiasi. Ichape na sukari dakika tano nzima mpaka ipauke na kuwa nyepesi. Chembe za sukari zinapopita ndani ya siagi zinaacha viputo vidogo vidogo vya hewa, na hivyo ndivyo vitakavyovimba kwenye oveni. Bekingi poda haizalishi viputo vipya, inapanua vilivyopo. Nililielewa jambo hili baada ya miaka ya kuoka keki nzito na kuongeza poda kila mara nikidhani ndiyo dawa. Poda ikizidi, keki inapanda haraka, inapata matundu makubwa, kisha inabonyea.

Mayai yasitoke kwenye jokofu moja kwa moja. Yakiwa baridi yanagandisha siagi na rojo linakatika, linaonekana kama maziwa yaliyoharibika. Weka yai moja moja, na rojo likianza kukatika nyunyiza kijiko cha unga, litashikana. Unga uliobaki, ukiwa umechekechwa pamoja na poda, uingie mwisho, na hapo mkono upoe. Protini za ngano zikikutana na maji na kukorogwa zinafanya nyuzi zinazovutika. Mkate unazitaka nyuzi hizo, keki haizitaki. Geuza kwa mwiko mpaka unga mkavu usionekane, halafu acha. Nimewaona watu wakiendelea kuchapa kwa mashine dakika nne zaidi "ili ilainike", na ndicho kinachoifanya iwe ngumu.

Bati la upana wa sentimita 18, lililopakwa siagi na kutandikwa karatasi ya kuokea. Oveni iwe imewashwa robo saa kabla, nyuzi 180, au 160 kama ina feni. Dakika 35 hadi 40, na usifungue mlango dakika 25 za kwanza.

Ila dakika hizo zichukulie kama makadirio. Oveni nyingi za nyumbani hazina moto uleule unaoonyeshwa kwenye kitufe, na kupishana kwa nyuzi 10 au 20 si jambo la ajabu. Kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani kinasaidia kuliko bati la pili au la tatu. Hata bila hicho, keki ina dalili zake: harufu inajaa chumba, kingo zinaanza kuachana na bati, ukibonyeza katikati kwa kidole inarudi, na kijiti ukichomacho kinatoka kikavu. Pishi linalotaja dakika bila kutaja dalili hata moja mimi siliamini. Asiye na oveni anaweza kutumia sufuria nzito yenye mfuniko, na ndani yake kitu cha kuinua bati lisiguse chini, moto mdogo. Juu haitapata rangi sana, lakini itaiva.

Kichuguu cha binti yetu kilitokana na moto. Kingo ziliiva na kuganda mapema, katikati bado ni rojo, nalo lilipopanda likakosa pa kwenda isipokuwa kupasua juu. Keki yenye bonde katikati ina hadithi nyingine: haijaiva, au mlango ulifunguliwa mapema, au poda ilizidi. Fupi na nzito kama sabuni ni siagi iliyokuwa baridi, au poda iliyokufa. Poda unaipima kwa kutia nusu kijiko cha chai kwenye maji ya moto. Isipotoa povu la haraka, itupe. Na usiibadilishe kwa bekingi soda kana kwamba ni kitu kimoja. Soda inataka kitu chenye uchachu, kama mtindi au maji ya limau, ndipo ifanye kazi, na ina nguvu mara tatu au nne zaidi. Bekingi poda ni soda iliyokwisha kuchanganywa na asidi yake. Alfred Bird, mkemia wa Uingereza, alitengeneza yake mwaka 1843 kwa kuwa mkewe hakuweza kula vitu vilivyoumuliwa kwa hamira. Nakipenda kisa hicho, kwamba kopo lililoko karibu kila kabati leo lilianza kwa mtu aliyetaka mkewe apate mkate.

Anayeona hata keki hii ni nzito kuanzia, namwelekeza kwenye biskuti za siagi. Unga sehemu tatu, siagi mbili, sukari moja, kwa uzito: 300, 200, 100. Sugua kwa vidole mpaka vishikane, tandaza unene wa sentimita moja, kata, oka kwa nyuzi 165 dakika 20 au zaidi kidogo mpaka kingo zianze kupata rangi. Hakuna yai, hakuna poda, hakuna cha kubonyea. Hapo unajifunza moto peke yake, na hilo linatosha kwa siku ya kwanza.

Mkate nao watu wanauogopa bila sababu, kwa ajili ya kukanda. Mwaka 2006 gazeti la New York Times lilichapisha njia ya Jim Lahey, mwokaji wa New York, ya mkate usiokandwa. Ukiuoka kwa gramu, ni unga 400, maji 300, chumvi 8 na hamira gramu 1 tu, yaani robo kijiko cha chai. Unakoroga, unafunika, unauacha saa 12 hadi 18. Muda unafanya kazi ambayo mikono ingefanya. Kisha unaukunja, unaumuka tena saa moja au mbili, na unauoka ndani ya sufuria nzito ya chuma iliyopashwa moto nyuzi 230, nusu saa na mfuniko, robo saa bila mfuniko. Mvuke unaobaki ndani ya sufuria ndio unaoupa ganda. Hakikisha tu vishikio vya sufuria vinahimili moto huo. Huu ningeuweka wa pili au wa tatu, baada ya mtu kuifahamu oveni yake.

Mapambo ya krimu, maua ya sukari na tabaka tatu sitayagusa. Ni ufundi wa haki, ila si kuoka, na keki mbaya haiwi nzuri kwa kufunikwa.

Binti yetu amefika keki ya nne. Ya pili alipunguza moto hadi 165, kichuguu kikashuka. Ya tatu alipima kwa gramu, akanipigia simu usiku kunieleza kwamba rojo lilionekana tofauti kabisa, zito lakini linalodondoka polepole kwenye mwiko, akataka kujua kama ndivyo linavyotakiwa kuwa. Ndivyo. Ya nne ilikuwa tambarare juu, ya rangi ya asali, na alipoikata akanitumia picha ya upande wa ndani, wenye matundu madogo yanayolingana.

"Shangazi, sasa naweza kutia maganda ya limau?"

Ya limau moja, nimemwambia, ayakwangue na kuyachanganya na sukari kwanza. Mengine yote ayaache yalivyo.